Korodani ya Mtoto Haijashuka: Mwongozo kwa Wazazi wa Tanga, Tangu Arobaini Hadi Upasuaji wa Matundu Madogo

Mtoto wa kiume anapozaliwa, korodani zake mbili zinatakiwa ziwe zimeshatulia kwenye mfuko. Mwanzo wake ni juu tumboni, karibu na figo, na kwa kawaida hufika chini katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Katika kila watoto 100 waliozaliwa wametimiza miezi, kama 3 hivi huzaliwa korodani moja au zote mbili hazijafika. Kwa watoto njiti idadi inaweza kufika 30 katika 100. Nyingi kati ya hizo hushuka zenyewe katika miezi michache ya mwanzo. Ile ambayo haijashuka mtoto akitimiza miezi sita ni nadra sana kushuka tena, na kuanzia hapo kila mwezi una thamani yake, kwa sababu upasuaji unatakiwa ufanyike mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 18.

Naandika kwa wazazi wa Tanga, wa mjini na wa wilayani, kwa sababu tatizo hili linatibika vizuri na bado wapo watoto wanaofikishwa hospitali wakiwa tayari wanavaa sare za shule. Kinachowachelewesha mara nyingi ni aibu, na lile neno la "subiri, itashuka tu", na mzazi kutojua aanze kwa nani. Yote matatu yanaondoleka.

Kwanza sababu ya haraka, maana mtu akiijua hababaishwi. Mfuko wa korodani una ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la tumboni, na korodani imeumbwa kufanya kazi kwenye ubaridi huo. Ikibaki juu, seli zinazozaa mbegu za kiume huanza kupungua tangu mwaka wa kwanza wa maisha, wakati mtoto mwenyewe hana habari na halalamiki chochote. Baadaye inakuja hatari ya saratani. Utafiti wa Sweden uliotolewa mwaka 2007, uliowafuatilia wanaume karibu 17,000 waliofanyiwa upasuaji huu, uliona kwamba waliofanyiwa kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari kama mara 2 ya ile ya wanaume wengine, na waliofanyiwa baada ya hapo hatari yao ilizidi mara 5. Saratani yenyewe ni adimu, kwa hiyo usipoteze usingizi, lakini tofauti ya 2 na 5 inaendana na umri wa kufanyiwa upasuaji.

Hatua ya kwanza: tazama wakati wa kuogesha

Huku kwetu mtoto mchanga huogeshwa na kukandwa na bibi yake, shangazi, au mama wa mtaani aliyezoea kazi hiyo, na huyo ndiye mara nyingi mtu wa kwanza kuona kwamba mfuko wa upande mmoja uko mtupu. Mwambie mapema kwamba unataka kujua. Bibi wengi huona wakanyamaza, wasimtie hofu mzazi aliye kwenye arobaini.

Tazama mtoto akiwa na joto: maji ya vuguvugu, chumba kisicho na upepo, mikono yako isiwe ya baridi. Angalia kama pande zote mbili za mfuko zimejaa. Upande ambao korodani haijawahi kufika huwa mdogo, umenywea, hauna mikunjo kama wa pili. Inatosha kutazama, kazi ya kuitafuta kwa vidole mwachie daktari au nesi. Na tafadhali, asikandwe kinena kwa mafuta kwa nia ya kuishusha, wala mfuko usivutwe. Hakuna korodani inayoshuka kwa kukandwa, na ngozi na mishipa ya mtoto mchanga ni laini mno kwa kazi hiyo.

Kuna korodani inayoonekana leo na kesho haionekani. Hiyo mara nyingi ni ya kupanda na kushuka: msuli mdogo unaivuta juu mtoto akihisi baridi, akishtuka au akishikwa, na akipata joto inarudi yenyewe na kutulia. Haihitaji upasuaji, ila inahitaji kupimwa kila mwaka, kwa sababu chache kati ya hizo hupanda moja kwa moja mtoto anapokua. Andika unachokiona: tarehe, upande gani, baada ya kuoga au kabla. Maelezo ya mzazi aliyetazama mara nyingi nyumbani yana uzito kuliko kipimo cha dakika moja cha mtoto anayelia kwenye meza baridi.

Usichanganye na busha. Ukanda wetu wa pwani umesumbuliwa sana na matende na mabusha, hivyo mtu akisikia habari ya korodani ya mtoto, jibu la haraka ni "ana mshipa". Busha ni maji, mfuko unavimba. Hapa tunazungumzia mfuko ulio mtupu. Dawa za mshipa, za kunywa au za kupaka, hazihusiki kabisa.

Hatua ya pili: itumie kadi ya kliniki

Una safari za kliniki zilizokwisha pangwa, hulazimiki kutafuta siku nyingine. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinakupa nafasi tatu za kumwonyesha mtoto. Ukienda miezi sita kwa matone ya vitamini A, hiyo ndiyo siku ya uamuzi: kama haijashuka, omba rufaa siku hiyohiyo. Ukifika kwenye chanjo ya surua ya miezi 9 ukiwa hujaonana na daktari wa upasuaji, umeshachelewa kidogo, fanya bidii. Mtoto aliyezaliwa njiti anahesabiwa umri tangu tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Aliyewahi miezi miwili, miezi yake sita ni minane ya kalenda.

Foleni ya kliniki ni ndefu na mtoto hupimwa uzito akapewa chanjo bila nepi kufunguliwa. Sema mwenyewe, na sema wazi: "Shikamoo nesi. Naomba mwanangu apimwe korodani. Ya kulia sijaiona tangu azaliwe. Naomba pia iandikwe kwenye kadi." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ya kushikilia. Kisichoandikwa kwenye kadi, anayefuata hakijui.

Kina baba, hili ni la kwenu pia. Mama peke yake akirudi nyumbani na habari ya upasuaji wa mtoto wa miezi saba, atakutana na maswali ya ukoo mzima. Nendeni wote wawili siku ya rufaa. Mkikutana na upinzani wa wazee, heshima inafungua milango zaidi ya ubishi: "Mama, daktari kasema tukingoja anaweza kupata shida ya uzazi akikua. Tunaomba dua yako twende." Sijaona bibi anayetaka mjukuu wake akose watoto.

Yasiyosubiri miezi sita

Yapo mambo matatu ya kukimbilia hospitali, usiku au mchana, na la nne la kujizuia.

Mtoto mchanga asiye na korodani hata moja inayoonekana au kushikika apimwe kabla hajatoka wodi ya wazazi, hasa kama na tundu la mkojo haliko mwisho wa uume. Wapo watoto wanaoonekana wa kiume kumbe ni wa kike wenye tatizo la kuzaliwa la tezi zilizo juu ya figo. Baadhi yao hupoteza chumvi mwilini, na kati ya wiki ya kwanza na ya tatu hutapika, hulegea, hukauka maji, na wanaweza kufariki. Kipimo cha damu na dawa huwaokoa. Mtoto wa namna hii asitahiriwe wala asipewe jina kwa haraka mpaka madaktari wamalize uchunguzi.

Uvimbe wa kinena uliokuwa ukirudi ndani na leo umekuwa mgumu, mtoto analia na kutapika: hiyo ni ngiri iliyobana. Korodani isiyoshuka na ngiri hutembea pamoja mara nyingi, kwa sababu njia iliyopaswa kujifunga nyuma ya korodani imebaki wazi.

Maumivu makali ya ghafla ya kinena au tumbo la chini kwa mtoto ambaye mfuko wake ni mtupu: korodani inaweza kuwa imejinyonga. Hapa mnahesabu saa, si siku.

La nne ni la wanaojiandaa kutahiri. Tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya kwenye ncha, ahirisha tohara. Ngozi ile daktari wa upasuaji ataihitaji kutengenezea njia ya mkojo.

Hatua ya tatu: rufaa

Kutoka zahanati au kituo cha afya utaandikiwa kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka huko kwenda Bombo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Walioko Muheza wataanzia Teule, wa Korogwe wataanzia Magunga, wa Pangani, Mkinga, Handeni, Kilindi na Lushoto kwenye hospitali zao. Omba barua ya rufaa yenye mhuri, kwa sababu bila hiyo bima inaweza kukataa kulipa na wewe ukarudishwa dirishani.

Bombo mtaonana na daktari wa upasuaji. Atampima mtoto, na moja kati ya mawili litajulikana: korodani inashikika au haishikiki. Hilo ndilo linaloamua safari yenu yote. Inayoshikika kinenani inashushwa kwa mpasuo mdogo wa kawaida. Isiyoshikika inahitaji kamera inayoingizwa tumboni kupitia matundu madogo, na pia inahitaji daktari bingwa wa upasuaji wa watoto pamoja na daktari wa usingizi aliyezoea watoto wadogo. Uliza moja kwa moja: "Daktari, upasuaji wa matundu madogo kwa mtoto wa umri huu unafanyika hapa, au tunaenda Muhimbili au KCMC?" Muhimbili iko Dar es Salaam na KCMC iko Moshi, kutoka Tanga umbali unakaribiana, takriban kilomita 350 kila upande. Chagua pale mlipo na ndugu wa kuwapokea. Mtarudi zaidi ya mara moja, na nyumba ya shangazi karibu na hospitali ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Beba kadi ya kliniki, barua ya rufaa, cheti cha kuzaliwa au tangazo la kizazi, kadi ya bima kama ipo, na yale maandishi yako ya nyumbani. Sera ya nchi inasamehe matibabu ya watoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali. Kwa hiyo kabla ya kuuza mbuzi au kukopa vikoba, nenda kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, uulize kipi kimesamehewa na kipi mtalipa.

Picha na sindano: pesa ya kuiokoa

Wazazi wengi wanafika kwa daktari wa upasuaji wakiwa wameshalipia altrasaundi, wengine mara mbili. Miongozo ya kitaalamu ya Marekani na ya Ulaya haishauri altrasaundi ya kawaida kwa ajili ya kutafuta korodani kabla ya rufaa. Korodani iliyo tumboni hujificha nyuma ya utumbo na hewa, na picha ikisema "haionekani" haimaanishi haipo. Daktari hawezi kumwacha mtoto kwa jibu hilo, bado atatakiwa kuingia kutazama. Ipo haja ya picha pale jinsia ya mtoto ina utata au kuna ugonjwa mwingine unaotafutwa. Hapo daktari mwenyewe ataiagiza na ataeleza kwa nini.

Sindano za homoni za kuishusha nazo hazishauriwi siku hizi. Zinafanikiwa kwa wachache, na korodani zilizoshuka hivyo, nyingine hupanda tena.

Hatua ya nne: elewa kitakachofanyika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wazazi wanaposaini karatasi bila kuelewa.

Wengine wanaomba matundu madogo wakidhani ndiyo njia bora kwa kila mtoto. Sivyo. Korodani inayoshikika kinenani haihitaji kamera tumboni. Mpasuo mdogo wa kinena na mwingine kwenye mfuko vinatosha, na matokeo ni mazuri. Matundu madogo ni kwa ile isiyoshikika, ambayo ni kama 1 katika kila 5 ya zisizoshuka.

Mtoto akishalala kwa dawa ya usingizi, daktari humpima upya kabla ya kukata chochote. Misuli ikiwa imelegea kabisa, baadhi ya korodani ambazo hazikushikika kliniki hushikika sasa, na mpango unabadilika kuwa ule wa kinenani. Msishangae mkiambiwa hivyo baadaye.

Ikiwa bado haishikiki, anapasua tundu la milimita chache kwenye kitovu, anajaza tumbo gesi ya kabonidayoksaidi kwa shinikizo dogo ili apate nafasi ya kuona, na anaingiza kamera nyembamba, ya milimita 3 hadi 5. Picha inatokea kwenye skrini. Anafuata mshipa wa damu wa korodani kama mtu anayefuata kamba ya mtumbwi mpaka kwenye nanga. Mwisho wa mshipa huo una majibu matatu.

Jibu la kwanza: mshipa na mrija wa mbegu vinaishia tumboni, havina kitu. Korodani ilijinyonga au ilikosa damu mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, ikapotea. Hakuna la kutafuta, kamera inatolewa. Kwa mzazi ni habari nzito, lakini ni jibu la uhakika ambalo hakuna picha ingelitoa, na mtoto mwenye korodani moja nzima atabalehe kama wenzake na kwa kawaida ataweza kuzaa.

Jibu la pili: mshipa unapita kwenye mlango wa kinena na kutoka nje ya tumbo. Daktari anapasua kinena na kutazama. Akikuta korodani, anaishusha. Akikuta kibaki kidogo kisicho na kazi, mara nyingi anakitoa.

Jibu la tatu: korodani ipo tumboni, mbele ya macho. Sasa anaongeza matundu mawili madogo kwa ajili ya vifaa na kupima kama mshipa wake ni mrefu wa kutosha. Ikiwa iko karibu na mlango wa kinena, anaweza kuilegeza na kuishusha hadi kwenye mfuko siku hiyohiyo. Ikiwa iko juu sana, mshipa ni mfupi. Ukivutwa, damu itakatika na korodani itakufa. Kwa hali hiyo kuna njia ya awamu mbili, iliyotokana na kazi ya madaktari Fowler na Stephens wa Australia mwaka 1959. Waligundua kwamba korodani inapata damu pia kupitia mishipa midogo inayoandamana na mrija wa mbegu. Hivyo katika awamu ya kwanza mshipa mkuu unafungwa na korodani inaachwa ilipo. Kwa miezi kama sita ile mishipa midogo inapanuka na kuchukua kazi. Katika awamu ya pili korodani inashushwa. Nyingi hupona na kuishi chini. Baadhi husinyaa, na hilo mzazi aambiwe kabla.

Kwa hiyo fomu ya ridhaa unayosaini inabeba majibu yote matatu kwa mpigo. Usiisaini kabla hujauliza: Mkikuta haipo mtafanya nini? Mkikuta iko juu, ni awamu moja au mbili? Mkikuta kibaki mtakitoa? Nani atakuja kutueleza mkimaliza? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya.

Hatua ya tano: maandalizi

Mweleze daktari wa usingizi kila kitu: degedege, pumu, mzio wa dawa, kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida ya nusukaputi, na hasa kama mtoto ana selimundu (sikoseli) au kuna selimundu kwenye ukoo. Mtoto wa selimundu anaweza kufanyiwa upasuaji, ila anahitaji maandalizi yake ya maji, joto na damu. Mtoto akiwa na homa, kikohozi cha makohozi au malaria katika wiki ya upasuaji, piga simu wodini kabla ya kupanda basi stendi ya Kange. Ni afadhali kuahirisha kuliko kufika na kurudishwa.

Kufunga kula ndiko kunakoharibu siku za upasuaji. Kanuni ya kawaida: chakula, uji, maziwa ya kopo na ya ng'ombe, mwisho saa 6 kabla, maziwa ya mama, mwisho saa 4 kabla, maji matupu, mwisho saa 2 kabla. Kwa upasuaji wa saa mbili asubuhi, uji unakatazwa kuanzia saa nane usiku, titi kuanzia saa kumi alfajiri, na maji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Hospitali yenu ikitoa muda tofauti, fuateni wao. Kila aliye karibu na mtoto alijue hili, pamoja na bibi anayemhurumia na jirani wa kitanda cha pili mwenye biskuti. Tumbo lenye chakula chini ya dawa ya usingizi linaweza kutapisha, na matapishi yakaingia mapafuni. Hakuna huruma kubwa kuliko kumwacha alie na njaa saa hizo chache.

Usimfunge hirizi kiunoni au mkononi siku hiyo, na ondoa bangili na wanja. Muogeshe kwa sabuni usiku uliotangulia.

Siku yenyewe

Upasuaji huchukua kati ya saa moja na mbili, zaidi ikiwa kinena nacho kimefunguliwa. Mtoto ataamka amechanganyikiwa, analia, pengine anatapika mara moja mbili. Tumbo linaweza kuwa limejaa kidogo kwa sababu ya gesi, na mtoto mkubwa anayeweza kusema atalalamika bega linauma. Ni ile gesi, inaisha ndani ya siku moja au mbili. Titi anarudishiwa mara akiwa macho vizuri na nesi akaruhusu. Wengi huruhusiwa siku hiyohiyo au ya pili yake. Anayetoka mbali aombe kulala karibu usiku mmoja kabla ya safari ndefu ya barabara.

Kabla hamjatoka, omba karatasi ya maelezo ya upasuaji: kilichoonekana, kilichofanyika, upande gani, tarehe ya kurudi.

Nyumbani: wiki mbili za uangalizi

Maumivu yanatulizwa na parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Dawa za maji za watoto hazina nguvu sawa, kwa hiyo omba uandikiwe ni mililita ngapi za chupa uliyopewa. Siku mbili za mwanzo mpe kwa saa, usingoje alie. Asipirini asipewe.

Kidonda kiwe kikavu kwa siku mbili, kisha maji ya kawaida na sabuni, kikaushwe kwa kugusagusa. Nyuzi mara nyingi ni za kuyeyuka. Usipake majivu, dawa ya meno, mafuta ya karafuu wala unga wa mti wowote. Badilisha nepi mara kwa mara, mkojo usikae juu ya mshono. Maji ya bahari ya Raskazone yasubiri mpaka vidonda vifunge kabisa.

Mbeleko iwekwe kando kwa wiki mbili hadi tatu. Ukimbeba mtoto mgongoni miguu yake inatanuka, na kinena na mfuko vinabanwa kwenye mgongo wako, pale palipo na mshono. Mbebe kwa mbele, amelala mikononi. Kwenye bodaboda asipandishwe akiwa ametanua miguu. Panda bajaji, mpakate. Kwa mtoto mkubwa, baiskeli, mpira na kupanda miembe vingoje mpaka daktari aruhusu, kwa kawaida wiki tatu hivi.

Mfuko utavimba na kubadilika rangi siku za mwanzo. Hilo linatarajiwa na hupungua kidogo kidogo. Rudi hospitali ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu isiyokoma, usaha au wekundu unaoenea, uvimbe unaozidi kila siku badala ya kupungua, kutapika kusikokoma, tumbo gumu, au mtoto asiyekojoa. Usisubiri siku ya kliniki.

Kurudi kwa daktari

Kidonda hutazamwa baada ya wiki moja au mbili. Baada ya miezi kadhaa korodani inapimwa: iko wapi, ina ukubwa gani. Baadhi husinyaa na chache hupanda tena, na zinazopanda zinaweza kushushwa upya. Kwa wale wa awamu mbili, tarehe ya pili ndiyo inayopotea kirahisi, kwa sababu mtoto anaonekana mzima, kidonda kimepona, na nauli ya Dar au Moshi ni ileile. Jamani, ile awamu ya kwanza peke yake haijashusha kitu. Korodani bado iko tumboni. Andika tarehe hiyo kwenye kadi na kwenye simu ya baba na ya mama, na anza kuweka nauli kidogo kidogo wiki mliyorudi.

Kuhusu uzazi, wanaume waliokuwa na tatizo upande mmoja, karibu 9 kati ya 10 waliojaribu kupata watoto walipata, idadi inayokaribiana na ya wanaume wengine. Kwa waliokuwa na tatizo pande zote mbili ni kama 2 kati ya 3. Hao wa pande mbili ndio wanaohitaji haraka zaidi.

Aliyechelewa

Ukisoma haya na mwanao ana miaka minne, tisa au kumi na tatu, nenda wiki hii. Njia ni ileile, zahanati mpaka Bombo. Korodani iliyo mahali pake inaweza kupimwa kwa mkono, uvimbe ukaonekana mapema; iliyo tumboni hakuna anayeiona. Kwa kijana aliyebalehe daktari anaweza kushauri kuitoa iliyo tumboni kama ya pili ni nzima, na hilo mzungumze naye kijana mwenyewe akiwepo, kwa faragha, baba au mjomba akiwa pembeni yake. Asitajwe mbele ya wageni wala wadogo zake.

Mtoto akifika miaka 14 au 15, mfundishe kujipima mara moja kwa mwezi baada ya kuoga: kila korodani kwa vidole viwili na gumba, akitafuta kinundu kigumu, uzito au tofauti na mwezi uliopita. Mweleze alifanyiwa nini na kwa nini. Kama anakwenda shule ya bweni, mpe nakala ya ile karatasi ya upasuaji akae nayo, na ile halisi ibaki nyumbani pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.